Kabange, Usichague Kode kwa Kunifurahisha

Kabange wangu,

Nimejifungia katika chumba cha Papa yenu na kiti nimekisukumia mulangoni. Huko uani Mama Mudogo Odile anakaanga ndakala, samaki wadogo wa kukufungia njiani, anaimba kwa nguvu zote, na kila akipumzika anaita: "Mama Mapasa yuko wapi? Mafuta yanaisha!" Mwache aite. Mudogo wangu huyo, aliyekuja kukuaga tu, hajawahi kukaanga kitu bila kelele. Jua bado liko juu, boti ya Moba inaondoka kesho asubuhi, na mimi nina neno ambalo nikilianza mbele ya watu nitacheka ao nitalia, na leo kulia sitaki. Leo nina furaha mpaka miguu haitulii. Mutoto wangu amepata kazi! Tena kazi ileile yangu, ya kutengeneza fomu za kujazwa kwenye telefone! Nimeitangaza sokoni, nimeitangaza kanisani, hata yule fundi wa pikipiki asiyejua jina langu nimemuambia.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuvaa koti kwenye boti, ya kutomuamini muntu anayekuchekea sana, hayo Odile atakuambia, na akimaliza ataanza upya. Mimi nataka tuongee habari ya kode, maandishi yale yanayoiongoza fomu.

Jana nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mashuka. Wewe na Kyungu mulikuwa ndani, karibu na dirisha, munakula karanga. Nikamusikia ndugu yako anakuuliza: "Sasa Moba utachagua gani?" Ukamujibu: "Nitachukua fomula za Mama. Nikichagua JavaScript atasikia vibaya." Na yule pasa mwenzako, uliyezaliwa naye siku moja, badala ya kukukataza, akacheka: "Kweli. Atanuna mpaka Noeli."

Huyo Kyungu nitamutafuta kwa wakati wake. Lakini wewe, Kabange! Mawee! Nilikumbatia shuka bichi pale kambani mpaka likanilowesha kifua chote, na sikujua kama nikuite ao nikimbie. Shefu wako mupya amekuandikia kwamba ukifika tu, jambo la kwanza ni kumuambia kode ya fomu zao itaandikwa kwa zana gani. Fomu za chanjo ya watoto, kutoka vijiji vya ufukweni mpaka kule juu milimani. Hiyo si rangi ya kitenge. Ukichagua vibaya, kuna mutoto atarukwa, na mama yake atabaki mulangoni akingoja watu ambao hawatarudi. Na wewe unataka kuamua jambo hilo ili mimi nisinune?

Najua lilipotoka. Wiki nzima nyumba hii imekuwa bunge. Mimi nilisimama upande wa fomula zangu, zile fupi zinazoandikwa ndani ya fomu yenyewe, kando ya kila swali: kama muntu ni mwanaume, usimuulize habari ya mimba, kama muntu anasema ana miaka mia tatu, mukatalie. Wewe ukasimama upande wa JavaScript, lugha yako kubwa uliyoisomea kwenye institi, ile ambayo wenyewe munasema inafanya kila kitu. Nilipiga meza nikasema fomula yangu hata muuza ndakala anaweza kuisoma. Ukanijibu: "Mama, ile fomula yako ya umri ina mabano mengi kama miiba ya samaki, hata wewe huisomi tena." Papa yenu akapaliwa na tonge la bukari kwa kucheka. Nami nikanuna, kweli nilinuna, lakini nilinuna kwa raha! Kwani huoni? Tangu nianze kazi hii sijawahi kuwa na muntu wa kugombana naye juu ya mabano. Nilikuwa napiga meza kwa sababu nilitaka iendelee. Wewe ukafikiri nimeumia.

Kwa hiyo nikusimulie, maana kosa hilo unalotaka kulifanya mimi nililifanya zamani, tena kwa bidii kuliko wewe.

Unajua kwamba aliyenifundisha ni Shefu Ilunga. Alinikuta kwenye kibanda nikiwapigia watu barua zao kwa mashine, binti wa Manono aliyeolewa huku Kalemie bila kumujua muntu, akaniambia vidole vyangu vina haraka, nije kazini kwake, biro. Pale biro kulikuwa na fishi, karatasi zilizojazwa majina ya watu, mpaka darini, na ordinatere moja tu, kompyuta ya mezani. Ndani ya ile ordinatere Shefu Ilunga alikuwa ameandika kode yake, amejaza jedwali zima, na ukibonyeza pale linahesabu, ukibonyeza huku linakukataza. Mimi niliona kama muujiza. Alinifundisha yote, pole pole, bila kunipigia kelele hata mara moja. Nilimupenda kama baba.

Alipostaafu, telefone zenye fomu zilikuwa zimefika. Wenzangu wote wakahamia huko. Mimi nikakataa. Wakaniambia: "Mama Mapasa, kode ile ya jedwali haifunguki kwenye telefone, haifunguki hata kwenye ordinatere nyingine." Nikajibu itafunguka. Haikufunguka, bila shaka! Ilifunguka kwenye ile moja tu. Basi tulipotumwa kijiji cha Zongwe kuandika kaya, wenzangu walishuka kwenye boti wakiwa na telefone mufukoni, na mimi nikashuka na ordinatere ya mezani, nimeifunga kitenge mara mbili, na vijana nyuma yangu wamebeba jenereta.

Wee! Watoto wa Zongwe walifikiri ni sinema. Wakakaa chini, wakangoja. Jenereta likawaka, na kelele yake ikawa hata muntu aliyekaa mbele yangu simusikii. Ikabidi nipige kelele kila swali. Muvuvi mumoja, muzee wa heshima, nikamuuliza kwa sauti iliyofika mpaka majini: "Papa, una watoto wangapi?" Naye akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo, lakini wakati huohuo mafuta ya jenereta yakaisha, kimya kikaanguka, na kijiji chote kikamusikia: "Wa huku, ao na wa Kigoma?"

Muke wake alikuwa pale pale na beseni ya ndakala kichwani. Akaishusha. Akasema: "Andika wote, Mama. Na mimi nitasikiliza."

Nilicheka mpaka nikaketi muchangani. Lakini kazi haikufanyika. Wenzangu walimaliza kijiji, mimi nilimaliza nyumba moja, tena nikaiacha katika vita.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa Shefu Ilunga, nyumbani kwake, nimuambie kwa majivuno kwamba mimi peke yangu njo ninayelinda kode yake. Nilimukuta uani ameshika telefone. Unajua alikuwa anafanya nini? Anatengeneza fomu ya kuandikisha kwaya ya parokia! Kwa fomula zile mpya! Akaniangalia na yale mavumbi yangu ya Zongwe, akauliza: "Nani alikuambia uilinde? Mimi mwenyewe nimeiacha zamani." Akaongeza: "Mimi nilikufundisha kazi, binti yangu. Ile zana njo tu tuliyokuwa nayo wakati ule." Halafu akanipa chai, akanionyesha fomula, na siku ileile nikaanza.

Ona sasa. Nilimupenda muntu, nikafikiri kumupenda ni kushika zana yake. Yeye alikuwa ameshaondoka pale, mimi nimebaki nalinda kiti kitupu. Usinifanyie hivyo, Kabange. Nitaona haya.

Odile amegonga mulango. Nimemuambia nakunja nguo zako. Amesema nguo ziko huku nje, nakunja nini? Nimeendelea kuandika.

Habari ya mapasa unaijua, kartie nzima, mutaa wote, inaijua, bado wananichekea nayo. Lakini nakuomba usikilize sehemu moja ambayo huwa naipita haraka.

Ulikuwa ungali kwenye shule ya musingi. Tulikuwa tunaandika kaya ili zigawiwe vyandarua, kila kaya kwa idadi ya watu wake. Shida ilikuwa wale wajanja waliojiandikisha mara mbili. Nikaandika fomula nzuri, fupi, ya kujivunia: kama mama ni yuleyule, na jina la baba ni lilelile, na tarehe ya kuzaliwa ni ileile, basi huyo mutoto ameshaandikwa, mutoe. Nikaijaribu kwa majina ya kubuni, ikafanya kazi safi. Nikaenda kulala nikijipongeza.

Mimi! Mama Mapasa! Ninayeitwa hivyo asubuhi mpaka jioni, niliyewazaa ninyi wawili, nikaandika kode isiyojua kwamba watoto wawili wanaweza kuzaliwa siku moja!

Ilitoa mapasa wote wa Kalemie. Pasa mumoja anabaki, mwenzake anatoka, kimya, bila neno. Na ninyi je? Kyungu alibaki, Kabange akatoka. Kwenye orodha ya nyumba yangu mwenyewe tulikuwa watu watatu: Papa yenu, mimi na Kyungu.

Unawajua mama wa mapasa. Wao wana ruhusa ya kumutukana yeyote kwa nyimbo, hata shefu, na hakuna wa kukasirika, maana njo desturi. Walikuja biro kwa mustari, wamejipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, wanapiga sahani kwa vijiko, wanaimba matusi yale ya mapasa ambayo hapa siwezi kuyaandika. Shefu wetu mupya wa biro akachungulia, akauliza kama ni maandamano. Muntu akamujibu: "Hapana, Shefu. Wanamutafuta mwenzao." Wakaniona. Basi ikawa furaha na aibu pamoja! Wakanipaka pemba mpaka kwenye kope, wakanivuta katikati, nikacheza. Ningefanya nini? Nikacheza vizuri hata wakasahau kunitukana kwa dakika chache. Halafu wakakumbuka.

Sasa sehemu ninayoipita ni hii. Baada ya kucheza niliketi kwenye ngazi za biro, na huku wanaendelea kuimba nikafungua fomu, nikaona mustari wenye kosa mara moja, maana ulikuwa mufupi na ulikuwa pale pale kando ya swali. Nikautengeneza kabla hawajachoka. Ndiyo maana nilizipenda fomula zangu. Ukweli wake njo huo, na ukumbuke ukiwa Moba: kitu kifupi kilicho karibu kinarekebishwa upesi. Lakini fomula haikunizuia kukosa, na JavaScript yako nayo isingenizuia. Kosa halikuwa la zana. Nilitoa watu bila kuuliza, na fomu yangu ikawatoa bila kusema. Zana yoyote utakayochagua, hakikisha ikitaka kumutoa muntu inauliza kwanza, kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Na wewe ulifika pale kutoka shule, na kaptula ya Kyungu umeivaa chini ya sketi kwa sababu ya mupira, ukauliza mbona Mama ni mweupe. Nikakueleza. Nikakuonyesha kwamba katikati ya kode muntu anaweza kuandika mustari ambao mashine haiusomi, ni wa watu tu. Ukaniomba telefone. Ukaandika kwa kidole kimoja: *Mapasa ni watu wawili.* Ule mustari upo mpaka leo. Fomu zimebadilika, telefone zimebadilika, mimi nimeuhamisha kila mara kama muntu anavyohamisha picha ya ukutani.

Basi utachagua gani? Sitakuambia. Ngoja, usikunje uso, sikutegi. Sitakuambia kwa sababu sijaiona Moba yako. Wewe utaiona. Kabla ya kufungua ordinatere, tembea na wale wanaopita nyumba kwa nyumba, jua likiwa kali, uone wanavyokinga kioo cha telefone kwa mukono. Ona telefone zenyewe, zile kuukuu zenye kioo kilichopasuka. Pale rezo ya telefone haifiki, ijaribu kode yako palepale, usiijaribu biro ukarudi unacheka. Na ijaribu kwa majina ya nyumbani kwetu, si ya kubuni! Halafu ujiulize, siku malaria ikikulaza, nani atakayeifungua kode na kuielewa. Kama hakuna, ama uiandike fupi, ama umufundishe muntu. Mimi ningependa umufundishe muntu, lakini hiyo ni tabia yangu.

Na kama maswali yenyewe ni magumu, chanjo ya pili inategemea tarehe ya kwanza, ya tatu inategemea ya pili, na mutoto mwingine alianza kijiji kingine, hapo fomula zangu zitajifunga fundo. Najua. Unakumbuka ile fomu ya umri ya mwaka jana, nilipokaa nayo siku kadhaa mpaka nikamukosea Papa yenu adabu? Ulikuja na karanga zako, ukaiandika upya kwa JavaScript, ukala, ukaandika, ukala, ikaenda. Nilisema tu "Mm." Kabange, ilikuwa nzuri. Nilisubiri mutoke wote, nikaifungua tena, nikaisoma mustari kwa mustari. Nilijisikia kama siku ile uliposimama kutembea mara ya kwanza, ukamupita Kyungu aliyekuwa bado anatambaa. Ilifaa niseme siku ile. Nasema leo: ilikuwa nzuri kuliko zangu, na nilifurahi sana.

Kwa hiyo hii njo hukumu ya bunge. Ukichagua fomula kwa sababu watu wa Moba wanazihitaji, nitafurahi. Ukichagua JavaScript kwa sababu watu wa Moba wanaihitaji, nitafurahi vilevile. Ukichagua chochote kwa sababu ya sura yangu, nitapanda boti, nije mpaka biro yako na pemba usoni, na sahani, na kijiko, na nitaimba. Unajua ninazijua zote.

Bado jambo moja, halafu nimufungulie Odile kabla hajavunja mulango.

Wiki hii yote ukilala muchana, mimi nilikuwa najifunza. Ndiyo, JavaScript. Kyungu alikuwa ananionyesha, na alikataa kunisifu, kama mimi ninavyowafanyia. Nimetengeneza fomu ndogo ya nyumba yetu, ya kunisaidia nijue nisonge bukari ya watu wangapi. Unaandika nani yupo, nani amesafiri, inatoa idadi. Mimi mwenyewe nimeiandika! Mabano yote yamefungwa!

Asubuhi Kyungu aliijaribu. Akaandika kwamba Kabange amesafiri. Akaangalia kioo, akakuna kichwa, akaniita: "Mama, kuna kosa. Nimemutoa Kabange, lakini bado inasema watu wane."

Nikamuambia atazame vizuri ule mustari wa watu, uliouandika wewe, niliouweka juu kabisa. Akausoma. Halafu akaenda kuleta unga wa watu wane.

Nitakutumia hiyo kode ukishafika. Ichekelee unavyotaka, nyoosha yote niliyoyapinda, nifundishe, nitakubali. Lakini pale inapohesabu wane, usiguse. Si kosa.

Nenda vizuri, mwana wa furaha yangu. Papa yenu atakubebea begi mpaka bandarini na atajifanya ana mafua. Mimi nitakuwa nyuma yake, nacheza.

Ni mimi,
Mama Mapasa, mama wa Kyungu na Kabange, wote wawili